Chungu Kimoja hadi Bagamoyo

Kijana wa leo wa Kharumwa akipanga kwenda kuiona bahari, hutafuta begi la mgongoni na rafiki wa kuchangia nauli. Karne moja na nusu iliyopita, kijana wa Usukuma au Unyamwezi alihitaji vitu hivyohivyo viwili: mzigo na mwenzake. Ila mzigo ulikuwa wa tajiri, na safari ilikuwa ya miguu.

Kutoka pande hizi alishuka kwanza kusini, zaidi ya kilomita 200, hadi Unyanyembe, ilipo Tabora, ambako misafara ilijipanga. Bagamoyo ilikuwa bado mbele kwa zaidi ya kilomita 800. Palikuwa na Mgunda Mkali, nyika yenye maji haba, kisha Ugogo, ambako watawala walidai hongo. Richard Burton na John Speke walipotoka pwani mwaka 1857, walitumia siku 134 kufika Tabora.

Shuleni tunaifahamu njia hii kama njia ya watumwa. Ni kweli, mateka walipitishwa humo kwa minyororo. Lakini wengi wa wapagazi wa Kinyamwezi na Kisukuma walikuwa watu huru wa kukodiwa. Walipatana ujira kabla ya kuondoka, mara nyingi kwa merikani, nguo ya pamba iliyopewa jina la nchi ilikotoka. Wakipunjwa posho waligoma, au walitua mizigo na kutoroka. Nyumbani, aliyewahi kufika pwani alihesabiwa mtu mzima. Tukiwaweka wote katika kundi la mateka, tunawanyang'anya hata uamuzi wao wa kuondoka.

Uhuru huo haukumkinga mtu na kifo. Msafara wa mamia haukula pamoja. Wapagazi walijigawa katika makundi madogo ya chungu kimoja, mara nyingi ndugu na majirani. Mmoja alitafuta kuni, mwingine maji, mwingine alipika. Ndui ilipoingia, wagonjwa wengi waliachwa njiani. Aliyebaki nyuma alihitaji mtu wa kumpa uji na, ikibidi, wa kumzika. Mwenzake wa chungu angeweza kuwa naye ni mgonjwa, au ameshavuka mto na msafara.

Hapo ndipo wenyeji walipokuwa na maana. Utani kati ya Wasukuma na Wanyamwezi kwa upande mmoja, na Wagogo, Wakwere na Wazaramo kwa upande mwingine, kwa kawaida huelezwa kuwa ulikua katika safari hizi. Mtani hukutukana hadharani na kuchukua kuku wako bila kuomba, nawe huruhusiwi kukasirika. Lakini siku ya msiba wako, kazi ni zake. Kwa mgeni asiye na ukoo njiani, haki hiyo ilikuwa kubwa kuliko ujira.

Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912, na tawi lake likafika Mwanza mwaka 1928. Upagazi wa masafa marefu ukafa; utani ukabaki. Hadi leo, Msukuma akifia Dar es Salaam, Mzaramo anaweza kusimama mbele ya jeneza, akamkejeli marehemu na kukataa litoke mpaka apewe chochote. Waombolezaji hucheka, hutoa, kisha mtani huyohuyo hushika jeneza.