Aliyetangulia Hatua Moja

Nilikuwa mwaka wa pili chuoni nilipopewa fulana ya kijani, kitambulisho cha kuning'iniza shingoni na mafresha kumi na wawili wa kuangalia. Mafunzo yalichukua wikendi moja. Tuliambiwa sisi ni washauri rika: tuwaonyeshe maktaba iko wapi, tuwasaidie kusajili masomo, tuwasikilize. Maze, nilijiona mtu mkubwa.

Mwezi wa tatu, mmoja wao alinitumia ujumbe saa saba usiku: "Uko macho?" Tukachati. Akasema amechoka, siku hizi haingii darasani. Nikamjibu kama mzee wa kanisa: jikaze, mvumilivu hula mbivu. Muhula uliofuata, kitanda chake kilikuwa na mtu mwingine. Kumbe alikuwa amekaa wiki nyingi akila mara moja kwa siku, karo haijalipwa, na fomu ya mkopo wa HELB hakuwahi kuimaliza kwa sababu kuna sehemu hakuielewa. Mimi fomu hiyo niliijua. Sikumuuliza.

Tangu hapo nimekuwa nikijiuliza ni nani aliyeanza kuwakabidhi vijana vijana wenzao. Jibu moja liko nyumbani kwetu, Bura.

Ukitoka Voi ukapita Mwatate kuelekea Taveta, utaikuta Bura chini ya vilima vya Taita. Wamisionari wa Roho Mtakatifu walifungua misheni hapo mwaka 1892. Wengi wanaokijua kisa hicho wanakijua kwa sababu ya kahawa: inasimuliwa kwamba ilipandwa hapo 1893, ya kwanza nchini Kenya, kwa mbegu ambazo asili yake ni kisiwa cha Réunion. Lakini misheni haikuwa shamba tu. Ilikuwa pia mahali pa kufunza watu dini na kusoma, na mapadre walikuwa wachache mno kwa kazi hiyo.

Upungufu huo shirika lao lilikuwa limeshauzoea. Huko Bagamoyo, walikofika 1868, watoto waliokombolewa kutoka utumwani walisomeshwa na kufundishwa kazi. Walipokua, baadhi yao walioana na kutumwa bara pamoja na mapadre kuanzisha vituo vipya, kama Mhonda mwaka 1877. Yaani mtu aliyekuwa mgeni juzi ndiye aliyempokea mgeni wa leo. Katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki, shule ya kwanza ya kijiji haikuwa jengo. Ilikuwa kijana mmoja, kitabu kimoja, na kivuli cha mti. Vitabu vya historia vinataja mwaka na jina la padre. Jina la kijana huyo ni nadra kulikuta.

Na usidhani mpango huu ulizaliwa kwetu kwa sababu ya umaskini. Mwishoni mwa karne ya 18, Andrew Bell aliutumia katika shule ya mayatima huko Madras, India, na mwaka 1798 Joseph Lancaster akafungua shule London ambako mwalimu mmoja alisimamia mamia ya watoto kupitia wanafunzi wakubwa walioitwa mamonita. Ulipendwa kwa sababu ulikuwa rahisi. Ulichokwa kwa sababu hiyo hiyo: mara nyingi monita alifundisha asichokielewa vizuri, naye mwenyewe alifundishwa kidogo tu. Kuanzia 1846 serikali ya Uingereza ikaanza kugharamia vijana waliojifunza ualimu shuleni kwa miaka mitano, wakilipwa na wakisimamiwa. Funzo lenyewe halihitaji digrii: anayewashika wenzake mkono naye anahitaji wa kumshika.

Pwani yetu ililijua jambo hilo kabla ya misheni. Msichana aliyevunja ungo alikabidhiwa somo, mwanamke aliyemtangulia, wa kumfunza mambo ambayo mama mzazi angeona haya kuyataja. Ni neno lile lile tunaloliandika kwenye ratiba ya darasa. Lakini somo hakuwa mtu wa wikendi moja. Uhusiano ule ulidumu, na nyuma yake walisimama wanawake wengine wazima. Aliheshimiwa, akapewa zawadi zake.

Katika vyuo vya Kenya, kazi hii ilipata nguvu mpya wakati wa UKIMWI, ambao Rais Moi aliutangaza kuwa janga la kitaifa Novemba 1999. Waelimishaji rika walizungumza kuhusu kondomu na kupimwa mahali ambapo mhadhiri angekohoa tu na kubadilisha mada. Maneno yao yalisikika kwa kuwa walilala hosteli zile zile na kula ugali ule ule. Lakini ukaribu huo huo una bei yake. Mwenye siri za wenzake kumi na wawili hulala nazo, na kesho yake ana CAT saa mbili asubuhi.

Siamini kwamba kosa langu lilikuwa kukosa maneno mazuri. Maneno nilikuwa nayo mengi mno. Nilichokosa ni swali moja, "Umekula?", na mtu wa kumpigia simu baada ya kulisikia jibu.

Mwaka wa tatu niliendelea na kazi ile. Fulana ilikuwa imepauka. Fresha akisema amechoka, sikumtumia methali tena. Nilimuuliza kama amekula, tukakaa kibarazani tukajaza fomu mstari kwa mstari, kisha asubuhi nikamsindikiza hadi ofisi ya mkuu wa wanafunzi na kungoja naye kwenye benchi. Mara nyingine tulirudishwa. Tukaenda tena.

Yule wa kwanza bado nina namba yake. Wiki iliyopita nilimwandikia: "Uko macho?" Tiki ni moja tu hadi leo.