Hati zinazosomwa kwa masikio

Programu ya kusoma skrini, licha ya jina lake, haiitazami skrini. Inachofanya ni kuchungulia nyuma ya kioo, mahali kompyuta ilikohifadhi maandishi, kuyachukua na kuyageuza kuwa sauti au nukta nundu zinazoinuka chini ya vidole. Kukiwa na maandishi huko nyuma, asiyeona atayapata. Kukiwa na picha ya maandishi tu, hata iwe safi namna gani, ataambulia kimya. Ndiyo maana historia ya hati za kidijitali kwa watu wenye ulemavu ni, kwa sehemu kubwa, historia ya mambo yaliyowekwa au kusahauliwa huko nyuma ya kioo.

Kabla ya kompyuta za mezani, kikwazo kilikuwa karatasi. Louis Braille alichapisha mfumo wake wa nukta nundu huko Ufaransa mwaka 1829, lakini kitabu kimoja cha kawaida kikiandikwa kwa nukta hizo huwa majuzuu kadhaa mazito, na vitabu vilivyopata bahati hiyo vilikuwa vichache. Januari 1976 mhandisi Mmarekani Ray Kurzweil aliwaonyesha waandishi wa habari mashine iliyojaza meza nzima: kitabu kililazwa kifudifudi juu ya kioo, mashine ikatambua herufi, kisha ikazitamka. Mwanamuziki Stevie Wonder alikuwa miongoni mwa wanunuzi wa mwanzo. Chapa ya kawaida iliweza kutamkiwa asiyeona bila mtu wa kumsomea, ingawa kwa bei ambayo watu wachache sana waliimudu.

Kompyuta binafsi ya IBM ilipoingia sokoni mwaka 1981, ilileta neema ambayo hakuna aliyeipanga. Skrini yake ya maandishi ilikuwa na mistari 25, kila mstari nafasi 80, na kila nafasi ilikuwa na herufi moja iliyotunzwa kwenye kumbukumbu kama namba. Herufi A kubwa ilikuwa 65. Programu ndogo ingeweza kuzipitia namba hizo moja baada ya nyingine na kuzipeleka kwenye kifaa cha sauti. Katika maabara za utafiti za IBM, Jim Thatcher alifanya kazi hiyo pamoja na Jesse Wright, mwanahisabati asiyeona aliyewahi kuwa msimamizi wa tasnifu yake ya uzamivu. Programu iliyotokana na kazi yao katika miaka ya 1980 iliuzwa kwa jina la Screen Reader, na jina hilo la bidhaa moja likaja kuwa jina la aina nzima, kama vile watu wa Afrika Mashariki wanavyoita kila sabuni ya unga Omo.

Neema haikudumu. Apple ilileta Macintosh mwaka 1984, na Windows 3.0 ikaenea kuanzia 1990. Kwa wenye macho ilikuwa nafuu kubwa: picha ndogo za kubofya, madirisha, kipanya. Kwa wasioona ilikuwa kufungiwa mlango. Herufi A haikuwa tena 65 mahali panapojulikana. Ilikuwa rundo la vidoa vyeusi na vyeupe, na vidoa havina jina. Watu waliokuwa wamepata ajira kwa kutumia kompyuta za maandishi walianza kuhofia kazi zao, na hofu hiyo ilikuwa na msingi.

Jibu la kiufundi lilikuwa la ujanja. Mwaka 1989 kampuni ya Berkeley Systems ilitoa outSPOKEN kwa ajili ya Macintosh, na mwaka 1991 Rich Schwerdtfeger wa IBM alieleza kwenye jarida la Byte namna programu inavyoweza kuzinasa amri za kuchora kabla hazijafika kwenye skrini, kisha ikajitengenezea rejista yake ya siri: hapa kuna neno hili, pale kuna kitufe kile. Yaani asiyeona alisomewa rejista, si skrini. Aliyefaulu zaidi kibiashara ni Ted Henter, mwendesha pikipiki wa mashindano aliyepoteza uwezo wa kuona katika ajali ya gari mwaka 1978, akajifunza upya uandishi wa programu na mwaka 1987 akaanzisha kampuni na Bill Joyce. Programu yao, JAWS, ilitoka kwa mfumo wa maandishi wa DOS mwaka 1989 na kwa Windows mwaka 1995. Ilikuwa nzuri, na iligharimu takriban dola 1,000 za Marekani.

Wakati huohuo wavuti ilikuwa inakua. Kurasa za kwanza zilikuwa maandishi matupu, rafiki kwa kila programu ya sauti. Mwaka 1993 kivinjari cha Mosaic kikaanza kuonyesha picha katikati ya maandishi, na tatizo la Macintosh likajirudia kwa sura nyingine. Lugha ya HTML ilikuwa na nafasi ya kuandika maelezo mbadala ya picha, maneno machache yanayosomwa na programu pale ambapo jicho lingeiona picha. Toleo la 4.0 la mwaka 1997 liliyafanya kuwa ya lazima, kwenye waraka. Kwa vitendo, watengenezaji wengi waliiacha nafasi hiyo tupu. Picha isiyo na maelezo ikiwa ni kiungo cha kubofya, programu hubahatisha kwa kusoma jina la faili, na msikilizaji anayetafuta ukurasa wa malipo husikia: "Kiungo, picha, d, s, c, sifuri sifuri nne moja saba."

Mwaka 1997 pia Shirika la Viwango vya Wavuti, W3C, lililokuwa likiongozwa na mvumbuzi wa wavuti, Tim Berners-Lee, lilianzisha kitengo maalumu cha ufikivu. Mei 1999 kikatoa WCAG 1.0, mwongozo wa kwanza wa kimataifa wa maudhui ya wavuti, wenye vipengele 14. Haukuwa wa wasioona peke yao, na hilo husahaulika mara nyingi. Kiziwi anahitaji manukuu chini ya video. Asiyeweza kushika kipanya anahitaji kufika kila mahali kwa kibodi. Mwenye uoni hafifu, au asiyetofautisha rangi, hafaidiki na maandishi ya kijivu juu ya nyeupe. Mwenye kifafa anaweza kudhurika na picha inayomweka kwa kasi.

Mwongozo hauna meno. Meno yalipatikana Sydney.

Mwaka 1999 Bruce Maguire, Mwaustralia asiyeona anayesoma kompyuta kwa nukta nundu, aliilalamikia kamati ya maandalizi ya Olimpiki ya 2000. Tovuti ya michezo ilikuwa na picha zisizo na maelezo, orodha ya michezo isiyofikika kutoka ukurasa wa ratiba, na majedwali ya matokeo yasiyosomeka. Kamati ilijitetea kwamba marekebisho yangemchukua mtu mmoja siku 368 za kazi ya saa nane, na kwamba miundombinu ya ziada ingegharimu dola za Australia milioni 2.2. Mashahidi wataalamu walipinga: kurasa zilizaliwa na violezo vichache, na ukirekebisha kiolezo umerekebisha kurasa zake zote. Agosti 24, 2000, Tume ya Haki za Binadamu na Fursa Sawa iliamua kwamba Maguire alibaguliwa na kutaka marekebisho yafanyike kabla michezo haijafunguliwa Septemba 15. Kamati ilitekeleza kwa sehemu tu, ikaamriwa kulipa dola 20,000. Kwa tukio la ukubwa ule hizo ni senti, lakini wanasheria wa nchi nyingine walilisoma shauri hilo kwa makini.

Marekani ilichagua njia ya manunuzi. Kifungu cha 508 cha sheria yake ya urekebishaji kilikuwepo tangu 1986, kikiwa hakimtishi mtu. Kilifanyiwa marekebisho mwaka 1998, na kuanzia Juni 2001 idara za serikali kuu zilitakiwa kununua teknolojia inayofikika. Mteja mkubwa kama huyo akisema hatanunua, muuzaji husikia. Kampuni binafsi zilifuata baadaye na kwa shuruti: Target, yenye maduka makubwa nchini humo, ilishtakiwa mwaka 2006 kwa tovuti isiyosomeka na mwaka 2008 ikakubali kulipa dola milioni 6 kumaliza shauri.

PDF ina mkasa wake. Adobe iliitoa mwaka 1993 kwa lengo moja, ukurasa uonekane vilevile kwenye kila mashine, na "kuonekana" ndilo neno lililobeba uzito. Faili ilijua herufi iwekwe wapi kwenye karatasi lakini haikujua kichwa cha habari ni kipi, wala kama safu ya kulia inafuata ya kushoto. Programu ya sauti ilivuka safu mbili kwa mstari mmoja, ikachanganya habari mbili kuwa upuuzi mmoja. Mwaka 2001 toleo la 1.4 lilileta lebo zilizofichwa zinazosema hiki ni kichwa, hii ni aya, hili ni jedwali. Kiwango cha kimataifa cha PDF inayofikika kilisubiri hadi 2012.

Lebo hizo haziisaidii karatasi iliyopigwa picha. Tangazo la kazi huandikwa kwenye kompyuta, huchapwa, hutiwa saini na mhuri, kisha huskaniwa na kusambazwa WhatsApp. Maandishi yaliyokuwa hai kwenye kompyuta ya karani yamekufa njiani kwa ajili ya mhuri wa bluu. Mwombaji asiyeona akilifungua huambiwa hati ni tupu. Programu za kutambua herufi, wajukuu wa mashine ya Kurzweil, zinaweza kuliokoa, ila mhuri uliokaa juu ya tarehe ya mwisho huzishinda.

Bei ya vifaa ilishuka kwa kazi ya vijana wawili wa Australia. Mwaka 2006 Michael Curran, mwanafunzi asiyeona, alianza kuandika NVDA, programu ya Windows isiyolipiwa. James Teh, rafiki yake ambaye naye haoni, aliungana naye. Mwaka 2009 iPhone ilikuja na programu ya kusoma skrini, VoiceOver, ndani yake, na Android ikapata yake, TalkBack. Simu ya kawaida ya dukani ikawa chombo cha kusomea.

WCAG 2.0 ya Desemba 2008 ndiyo iliyotumiwa na sheria nyingi zilizofuata. Matoleo ya 2.1 na 2.2 yalitoka 2018 na 2023. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, uliopitishwa 2006, uliridhiwa na Kenya mwaka 2008 na Tanzania mwaka 2009. Mkataba wa Marrakesh wa 2013, unaoruhusu vitabu kugeuzwa katika miundo inayofikika bila kibali cha mwenye hakimiliki, ulikubaliwa na Kenya mwaka 2017 na Tanzania mwaka 2020. Mwaka 2022 Kenya ikawa na kiwango chake cha ufikivu wa bidhaa na huduma za TEHAMA, KS 2952. Utekelezaji ni habari nyingine, na si ya Afrika tu. WebAIM, kituo cha Chuo Kikuu cha Jimbo la Utah, hupima kila mwaka kurasa za mbele za tovuti milioni moja: mwaka 2019 asilimia 97.8 zilikuwa na makosa yanayoonekana na mashine, na mwaka 2025 asilimia 94.8.

Kiswahili kina bahati yake katika jambo hili. Hutamkwa karibu kama kinavyoandikwa, na mkazo hukaa silabi ya pili kutoka mwisho, hivyo programu ya sauti inayofuata kanuni hukimudu kwa wepesi kuliko Kiingereza. eSpeak, programu huria iliyoanzishwa na Jonathan Duddington wa Uingereza, ambayo toleo lake jipya huja pamoja na NVDA, ina sauti ya Kiswahili. Ni sauti ya bati, si ya Unguja wala ya Mombasa, ila maneno hueleweka. Huitikia yenyewe pale tu hati inapotaja lugha yake. Hati isipoitaja, hutumika sauti iliyozoeleka kwenye mashine, mara nyingi ya Kiingereza. Hapo "wake" wa mtu huwa "weiki", "mate" huwa "meiti", na mji wa Same, chini ya milima ya Upare, hutamkwa "seimu". Kwenye ukurasa wa wavuti alama inayozuia hayo ni herufi mbili, sw, nazo huandikwa mara moja tu, juu kabisa ya msimbo.