Udongo wa Kwetu na Udongo wa Ulaya

Mtu wa visiwani afikapo Musoma kwa mara ya kwanza hudhani amerudi kwao. Maji yameuzunguka mji, upepo unavuma, mitumbwi imepangwa ufukweni. Chumvi tu ndiyo haipo, na usiku hujikuta akitafuta shuka. Mji huo uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Mchana jua lake ni kali, kwani Ikweta iko karibu sana, umbali wa nyuzi moja na nusu tu. Usiku hewa hupoa. Tofauti hiyo ya mchana na usiku ndiyo msingi wa habari hii ya kuta.

Sisi wa pwani hujivunia kuta zetu. Nyumba ya Mji Mkongwe ina ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa, unene wake aghalabu nusu mita, na wakati wa kaskazi mtu akiegemeza mgongo ukutani huhisi ubaridi. Majumba ya mawe ya Pate ndiyo yaliyoliliwa na Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir katika Al-Inkishafi. Lakini tuseme kweli: ukuta mnene haulifukuzi joto, huliahirisha. Hulimeza mchana na kulitapika usiku, na usiku wa Unguja wenyewe una fukuto. Ndiyo maana mafundi wetu waliongeza ua wa ndani, vyumba vyenye kimo na madirisha marefu. Ukuta huohuo ungejengwa Butiama ungefanya kazi yake vizuri zaidi, maana huko usiku huupokonya joto lake kabla ya alfajiri.

Watu wa huko walikuwa na hekima yao. Nyumba za msonge za Wazanaki na majirani zao zilisimamishwa kwa miti na fito, zikakandikwa udongo, zikaezekwa nyasi. Nyasi zilizoshikana hufunga hewa ndani yake, na hewa iliyotulia haipitishi joto kwa urahisi: zege ya unene uleule hupitisha joto kadiri ya mara ishirini zaidi. Upenu nao ulishuka chini na kuutia ukuta kivuli.

Kisha likaja bati. Kiwanda cha Wazo Hill kilipoanza kutoa saruji mwaka 1966, tofali la saruji nalo likazidi kuwa alama ya mtu aliyefanikiwa. Mwaka 1977 Mwalimu Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama na mfasiri wa Shakespeare tunayemjua sisi wapenzi wa ushairi, alitoa kijitabu cha kupima miaka kumi ya Azimio la Arusha, na humo akayageukia majumba. Alikasirika. Kung'ang'ania saruji na bati aliona ni kupooza kwa akili. Saruji nayo asili yake ni udongo, alieleza, ila watu wanauheshimu kwa kuwa ni wa Ulaya, huku wakiyadharau matofali ya kuchoma na vigae.

Nampenda Mwalimu kwa hasira ile, lakini nadhani hakuwatendea haki wanavijiji. Nyasi huliwa na mchwa, huteketea kwa cheche moja, na hutaka kuezekwa upya kila baada ya miaka michache. Katika nyufa za kuta na sakafu za udongo hujificha papasi, waletao homa. Juu ya bati mvua hukingwa, mama asiende ziwani na ndoo. Mama huyo aliyechagua bati hakupooza akili, alichoka. Ambalo hakuambiwa ni kwamba bati tupu saa nane mchana ni jiko juu ya vichwa vyao, na kwamba ukuta wa tofali la inchi 6 hulifikisha ndani jua la alasiri saa chache baadaye, watoto wanapotandikiwa kulala.

Siku hizi wataalamu husema kuta za nje zikingwe. Katika nchi za baridi huzivika pamba ya mawe au sponji ngumu ili joto lisitoke. Kinga hiyohiyo hulizuia lisiingie, kama chupa ya chai iwezavyo pia kutunza maji ya barafu. Nayo huvikwa kwa nje, ukuta usipate hata kuonja jua.

Mkazi wa Bunda hahitaji kuivika nyumba yote. Karibu na Ikweta jua hupita utosini, na kuta za kaskazini na kusini haziumii sana. Adui mkubwa ni paa, na kumtuliza ni dari chini ya bati. Wa pili ni ukuta wa magharibi. Huo wastahili upenu mpana, au ukuta mwembamba wa pili ulioachiwa nafasi ya hewa, au lipu nene ya udongo uliochanganywa na majani makavu, ikapakwa chokaa. Ukuta wa mashariki nao hupigwa na jua, lakini ni asubuhi, nyumba ikiwa bado ina ubaridi wa usiku.