Njia ya Kongo-Nile kutoka Gisenyi

Njia ya Kongo-Nile huanzia Gisenyi, wilayani Rubavu nchini Rwanda, na kufuata ufuo wa mashariki wa Ziwa Kivu kwa kilomita 227 hadi Kamembe, wilayani Rusizi. Mtembea kwa miguu huimaliza kwa siku kumi hivi, mpanda baiskeli kwa tano. Jina lake limetokana na safu ya milima inayogawa maji: mvua ya upande wa magharibi huteremkia Kivu, kisha Mto Ruzizi, Tanganyika na hatimaye Mto Kongo, na ile ya mashariki hushika Nyabarongo na Akagera kuelekea Nile. Hata hivyo njia haipiti juu ya safu hiyo. Iko chini yake, hupanda na kushuka vilima kati ya migomba na ghuba za ziwa.

Bodi ya Maendeleo ya Rwanda ilipoizindua mwaka 2011, iliunganisha vijia na barabara za vumbi ambazo wakazi wa kando ya ziwa walikuwa wakizitumia kwenda sokoni, shambani na kanisani. Kwa hiyo historia ya njia hii ni kongwe kuliko vibao vyake.

Katika karne ya 19, Bugoyi, yaani nchi inayoizunguka Gisenyi, ilifanya biashara na ng'ambo ya ziwa. Vikuku vya nyuzi viitwavyo butega, vilivyosukwa na Watembo wa ng'ambo hiyo, vilivushwa kwa mitumbwi na kutumika kama fedha, hata kununulia mifugo. Mwami (mfalme) wa Rwanda, Kigeli IV Rwabugiri, aliutumia ufuo huohuo kupeleka majeshi yake kisiwani Ijwi. Mwaka 1894 Mjerumani Gustav Adolf von Götzen alifika ziwani baada ya kuonana na mwami huyo; katika safari hiyohiyo alipanda pia volkano ya Nyiragongo.

Wamisionari walifuata upesi: Nyundo, juu kidogo ya Gisenyi, mwaka 1901, na Mibirizi, upande wa kusini, mwaka 1903. Kahawa ilipandwa Mibirizi mwaka 1904, na katika miaka ya 1930 Wabelgiji, waliotawala wakati huo, wakalazimisha wakulima kuilima. Mibuni iliyoenea kwenye miteremko ni urithi wa kipindi hicho, ingawa vituo vya kuoshea kahawa kama cha Kinunu ni vya karibuni zaidi na leo mkulima huilima kwa hiari yake.

Karibu na Karongi msafiri hupita chini ya vilima vya Bisesero. Huko, wakati wa mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, Watutsi walijihami kwa mawe na mikuki kwa wiki nyingi dhidi ya wauaji wenye bunduki, na maelfu kwa maelfu wakauawa. Makumbusho ya Bisesero yaliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2023. Hakuna sehemu ya njia hii inayostahili zaidi msafiri asimame kwa muda mrefu.

Badiliko kubwa la karibuni ni lami. Barabara ya kando ya Kivu, iliyojengwa katika miaka ya 2010, imewapunguzia wakazi saa nyingi za safari, nalo ni jambo jema lisilo na shaka. Lakini imemeza baadhi ya vipande vya njia, hasa kusini. Waendesha baiskeli za milimani sasa hupendelea kipande cha kati ya Rubavu na Karongi, ambako barabara ya vumbi bado ni ndefu, kisha wengi hurudi Gisenyi kwa boti.