Kasoro Iliyomo Ndani ya Metali

Ukifika Kaloleni asubuhi, msomaji, haikosi utamwona mgema akipanda mnazi, na kotama yake kiunoni. Makali ya kisu hicho ndiyo riziki yake. Mhunzi akiifua kotama ikiwa baridi, chuma huwa kigumu. Akiirudisha motoni, hulainika. Uhunzi ni kazi ya kale pwani kwetu. Katika mwaka 1154 mwanajiografia al-Idrisi, akiwa Sisili, aliandika kwamba watu wa Malindi walichimba chuma na kupata faida kubwa katika biashara yake. Lakini kwa nini nyundo hukifanya chuma kigumu na moto hukilainisha? Jibu la swali hilo halikupatikana mpaka karne ya ishirini.

Twaa kipande cha waya wa shaba, ukipinde, kisha ukinyoshe. Rudia. Utahisi waya unakataa zaidi kila mara, na mwisho utakatika. Kumetokea nini ndani yake?

Atomi za metali hazikukaa ovyo. Zimepangwa safu kwa safu, mfano wa minazi iliyopandwa kwa kamba, na umbo lenye mpango huo huitwa fuwele. Kipande cha kawaida cha shaba ni fuwele ndogo nyingi zilizobanana, kila moja ikielekea upande wake. Basi aliyetaka kuijua metali barabara alihitaji kwanza fuwele moja kubwa. Njia moja ya kuipata iligunduliwa mwaka 1916 na Jan Czochralski, Mpoland aliyefanya kazi Berlin. Husimuliwa kwamba alikuwa akiandika, naye kwa kughafilika akachovya kalamu katika chungu cha stani iliyoyeyuka badala ya kidau cha wino. Alipoiinua, uzi mwembamba wa stani uliifuata, na uzi huo ulikuwa fuwele moja. Wanafunzi wangu hukipenda kisa hiki kuliko yote yanayofuata, nami siwalaumu.

Mwaka 1926 Mrusi Yakov Frenkel alipiga hesabu ya nguvu inayohitajika ili tabaka zima la atomi liteleze kwa pamoja juu ya jingine. Fuwele halisi zilishindwa na nguvu iliyo ndogo mara elfu na zaidi. Kijiti cha fuwele moja ya shaba, chenye unene wa penseli, mtoto aweza kukipinda kwa vidole. Lakini akijaribu kukinyosha, hakiweza tena! Ama hesabu ilikosea, ama fuwele ilikuwa na siri.

Siri hiyo ilifumbuliwa mwaka 1934 na watu watatu, kila mmoja kwa njia yake: Mwingereza Geoffrey Taylor, na Egon Orowan na Michael Polanyi, wote wawili wazaliwa wa Budapest. Fikiri shamba la minazi ambamo safu moja imekoma katikati. Pale ilipokoma, safu za jirani zimepinda kidogo ili kuiziba nafasi. Kasoro ya namna hiyo ndani ya fuwele twaweza kuiita mteguko. Palipo na mteguko, tabaka halina haja ya kuteleza lote kwa mara moja. Watu wakitaka kusogeza jamvi zito hawalikokoti. Huinua kunjo upande mmoja na kulisukuma kwa miguu hadi upande wa pili, na jamvi zima limesogea. Mteguko hupita katika fuwele vivyo hivyo.

Nao hutoka wapi? Wengine hurithiwa. Fuwele inayokuzwa kutoka katika metali iliyoyeyuka huanzishwa kwa kipande kidogo kiitwacho mbegu, na kasoro za mbegu huendelea katika fuwele mpya. Wengine huzaliwa na kupoa: sehemu ya nje husinyaa kabla ya kiini, na mvutano huo huzitegua safu. Tena, metali iliyo karibu na kuyeyuka ina nafasi nyingi zisizo na atomi. Ikipoa, nafasi hizo zaweza kukusanyika, safu zikabonyea, na mteguko ukazaliwa hapo. Ndiyo sababu hata fuwele ya metali iliyopozwa polepole yaweza kupitiwa na miteguko milioni moja au zaidi katika kila sentimita ya mraba. Nyundo ya mhunzi huizidisha hata kufikia bilioni mia moja na zaidi, ikasongamana na kuzuiana njia, na chuma kikawa kigumu. Moto huzipa atomi nafasi ya kujipanga upya. Miteguko mingi hufutana, na chuma kikalainika.

Kwa miaka 22 hakuna aliyeiona ikitembea. Mwaka 1956, huko Cambridge, Peter Hirsch, Robert Horne na Michael Whelan walitazama utando mwembamba wa alumini kwa hadubini ya elektroni, wakaona vijistari vyeusi vikisogea mbele ya macho yao.

Miaka 3 baadaye, huko Marekani, William Dash alionyesha njia ya kuikwepa kabisa. Alikuza fuwele ya silikoni, ambayo si metali hasa, akaivuta kwanza iwe na shingo nyembamba sana. Miteguko iliyotoka katika mbegu ikaishia kandoni mwa shingo, ndipo akaiacha fuwele inenepe. Shaba haiikubali hila hiyo kwa wepesi, kwa kuwa mvutano mdogo tu wa kupoa watosha kuzaa miteguko mipya.