K-Jetronic

K-Jetronic ni mfumo wa kupuliza petroli katika injini za magari, uliotengenezwa na kampuni ya Bosch ya Ujerumani kuanzia mwaka 1973. Herufi K inatokana na neno la Kijerumani kontinuierlich, yaani "mfululizo", kwa sababu nozeli zake hupuliza mafuta bila kukatika muda wote injini inapofanya kazi. Mfumo huu ulitumika katika magari mengi ya Ulaya ya miaka ya 1970 na 1980. Baadhi yake ni magari ya turbo kama Porsche 911 Turbo (1975), Saab 99 Turbo (1978) na Volvo 240 Turbo (1981).

Magari ya aina moja yaliweza kutoka kiwandani na vifaa tofauti kulingana na mwaka na nchi yalikouzwa. Kwa hiyo, kabla ya kununua vipuri au kurekebisha injini, ni lazima kutambua kwanza mfumo uliomo kwenye gari lenyewe.

Jinsi unavyofanya kazi

Hewa inayovutwa na injini hupita kwenye filta, kisha huinua bamba la duara lililo ndani ya kipima hewa. Bamba hilo limeungwa na wenzo unaosukuma pistoni ndogo ndani ya kigawa mafuta. Hewa ikiongezeka, pistoni hupanda na kufungua zaidi nyufa nyembamba zinazopitisha petroli kwenda kwenye nozeli ya kila silinda.

Petroli huletwa na pampu ya umeme kwa shinikizo la karibu bar 5. Njiani kuna chombo cha kutunza shinikizo baada ya injini kuzimwa, ili iwake kwa urahisi ikiwa bado ya moto. Kwa sababu hiyo mabomba hubaki na shinikizo hata gari likiwa limezimwa, na kufungua nati ya bomba bila kulipunguza kwanza kunaweza kurusha petroli na kusababisha moto.

Juu ya pistoni ya kigawa mafuta kuna shinikizo la pili, lililo dogo zaidi, linaloipinga isipande ovyo. Shinikizo hili huongozwa na kirekebisha shinikizo kilichofungwa kwenye injini. Injini ikiwa baridi, kirekebishaji hulipunguza, pistoni hupanda zaidi na mchanganyiko hupata petroli nyingi zaidi.

Katika injini za turbo

Katika injini ya turbo kipima hewa huwekwa kabla ya turbo. Mpira ukipasuka kati ya kipima hewa na turbo, hewa isiyopimwa huingia na mchanganyiko hupungukiwa petroli. Mpira ukipasuka baada ya turbo, hewa iliyokwisha kupimwa huvuja nje wakati turbo inasukuma. Petroli huzidi na moshi mweusi hutoka.

Kirekebisha shinikizo cha magari mengi ya turbo kina mpira mdogo unaotoka kwenye njia ya kuingizia hewa. Turbo inaposukuma, kirekebishaji hupunguza shinikizo juu ya pistoni ili petroli iongezeke. Mpira huo ukichomoka, au kikifungwa kirekebishaji cha injini isiyo na turbo, gari linaweza kwenda vizuri kwa mwendo wa kawaida. Likikanyagwa, petroli haitoshi, joto hupanda, mafuta hulipuka ovyo ndani ya silinda na pistoni zinaweza kutoboka.

Kutambua mfumo

Mifumo ya Bosch hutofautishwa kwa kutazama chini ya boneti:

- K-Jetronic ya kawaida: mabomba membamba hutoka juu ya kigawa mafuta, moja kwa kila silinda. Nozeli za silinda hazina waya za umeme. Kirekebisha shinikizo kina mabomba mawili ya mafuta na plagi moja ya umeme.
- K-Jetronic yenye lambda: ni kama ya kawaida, lakini ina sensa ya oksijeni kwenye ekzosi, kisanduku cha elektroniki na vali ndogo ya umeme kwenye njia ya mafuta. Vali hiyo husikika ikivuma inapofanya kazi.
- KE-Jetronic: haina kirekebisha shinikizo kwenye injini. Badala yake kuna kifaa cha umeme kilichofungwa ubavuni mwa kigawa mafuta.
- L-Jetronic na LH-Jetronic: kila nozeli ina plagi yake ya umeme, na zote hupata mafuta kutoka bomba moja la pamoja. Saab 900 Turbo ya vali 16, iliyotoka mwaka 1984, ina LH-Jetronic, ilhali ile ya vali 8 ina K-Jetronic.

Nozeli ya kuwashia injini baridi ina plagi ya umeme hata katika K-Jetronic. Nozeli hiyo ni moja tu, na isichukuliwe kuwa dalili ya L-Jetronic.

Uthibitisho wa mwisho ni namba ya Bosch yenye tarakimu 10. Namba za vigawa mafuta vya K-Jetronic huanza na 0 438 100, na za virekebisha shinikizo huanza na 0 438 140. Tarakimu tatu za mwisho ndizo zinazotofautisha kipuri cha gari moja na la jingine, hata vikifanana kwa umbo.

Vifaa vya kupunguza sumu za moshi

Lambda ilianza kuuzwa kwenye Volvo zilizopelekwa California, Marekani, mwaka 1976. Sensa hupima oksijeni iliyobaki kwenye moshi, na kisanduku cha elektroniki husahihisha kiasi cha petroli ili kichocheo kilicho ndani ya ekzosi kiweze kusafisha moshi.

Vifaa vingine vinavyoweza kuwepo ni vali ya kurudisha sehemu ya moshi kwenye injini na kopo la mkaa linalonasa mvuke wa petroli kutoka tangini. Magari yaliyouzwa Marekani huwa na kibandiko chini ya boneti kinachotaja vifaa hivyo.

Kuwepo kwa sensa na kichocheo si uthibitisho kwamba vinafanya kazi, kwa kuwa risasi iliyochanganywa kwenye petroli huviharibu vyote viwili. Nchi za Afrika kusini kwa Sahara ziliacha petroli ya risasi kufikia mwanzo wa mwaka 2006. Gari la zamani lililotumia petroli hiyo linaweza kuwa na vifaa vyote mahali pake na bado likatoa moshi wenye sumu nyingi.