Nasaba ya Doom

Tarehe 10 Desemba 1993, kampuni ndogo ya id Software ya Mesquite, Texas, ilipakia mchezo mpya kwenye seva ya Chuo Kikuu cha Wisconsin. Waliokuwa wakiusubiri walijazana hadi seva ikazidiwa. Sehemu ya kwanza ya Doom, yenye hatua 9, ilikuwa bure. Mbili zilizobaki zililipiwa.

Kilichoupa mchezo huo umri mrefu ni jinsi mafaili yake yalivyopangwa. John Carmack, mwandishi wake mkuu wa programu, alikuwa ameona wachezaji wa Wolfenstein 3D, mchezo wa awali wa id, wakichokonoa mafaili ili wabandike picha zao, na za asili zikipotea. Safari hii aliitenga injini na vitu vyake. Ramani, picha na sauti ziliingia katika faili la aina ya WAD, na mchezaji aliyetaka kujenga jumba lake aliunda WAD ya pembeni, akaiweka juu ya ile ya kampuni bila kuigusa. Ndani ya id wapo walioona huko ni kugawa mali. Carmack hakurudi nyuma.

Miezi miwili haijatimia, Brendon Wyber wa New Zealand akatoa DEU, programu ya kuchorea ramani, ambayo Raphaël Quinet wa Ubelgiji aliiendeleza. DEU ilikataa kufanya kazi na toleo la bure: aliyetaka kujenga alipaswa kwanza awe ameununua mchezo. Hakuna mahakama iliyowalazimisha kuweka sharti hilo. Ni maelewano kati ya wajenzi na wenye mali, nayo yalizaa matunda, kwani mwaka 1996 id ilinunua ramani za kundi la mashabiki liitwalo TeamTNT, ikaziuza katika Final Doom pamoja na za ndugu wawili, Dario na Milo Casali.

Si kila mahali mambo yalikwenda kwa maelewano. Kampuni ya Micro Star ilikusanya hatua 300 ambazo wachezaji wa Duke Nukem 3D walikuwa wamezitengeneza na kuzigawa bure, ikaziuza kwenye diski moja. FormGen, yenye haki za mchezo huo, ilipinga. Mwaka 1998 Mahakama ya Rufani ya Marekani, Mzunguko wa Tisa, iliamua kwamba ramani hizo, hata kama hazikubeba picha hata moja ya mchezo, zilikuwa zikisimulia visa vipya vya Duke, na haki ya kusimulia visa hivyo ni ya mwenye Duke. Mchuuzi alizuiwa. Lakini uamuzi huohuo ulimwonyesha kila mjenzi kwamba jasho lake limesimama juu ya ardhi ya mtu mwingine.

Ndiyo maana siku ya 23 Desemba 1997 ina uzito wake. Carmack aliutoa hadharani msimbo wa Doom. Ulikuwa wa Linux tu, kwa sababu toleo la DOS lilitegemea maktaba ya sauti yenye hakimiliki ya mtu wa nje, na katika waraka wake alikiri kwamba kuitumia lilikuwa kosa. Leseni ya kwanza ilikataza faida, lakini haikumdai anayeurekebisha msimbo auonyeshe kwa wengine. Pengo hilo liliuma: glDoom, iliyoupa mchezo sura mpya, ilipotea pamoja na diski ya mwandishi wake, na nakala ya msimbo wake haikuwa mikononi mwa wenzake. Oktoba 1999 msimbo uliwekwa chini ya leseni ya GPL, inayotaka anayegawa programu agawe na msimbo wake.

Tangu msimbo ulipotolewa 1997, ukoo wa injini zilizotokana nao ukatanuka. Boom ya TeamTNT, iliyotoka 1998, ilizaa MBF. Damu ya zote mbili ikaingia PrBoom, kisha PrBoom+, kisha DSDA-Doom inayopendwa na wanaoshindana kwa kasi. Tawi jingine ni ZDoom ya Marisa Heit, iliyoizaa GZDoom mwaka 2005. Juu ya GZDoom imejengwa michezo kamili inayouzwa, kama Hedon na Selaco, jambo ambalo leseni ya 1997 isingeliruhusu. Chocolate Doom ya Simon Howard ilishika njia ya peke yake, ikahifadhi mchezo jinsi ulivyokuwa, hata kasoro zake, nami naiheshimu kuliko zote.

GPL, hata hivyo, inahusu msimbo. Picha na ramani za Doom bado zina mwenyewe, na pengo hilo linazibwa na Freedoom, ambayo wachangiaji wake wamechora na kurekodi kila kitu upya ili injini iwe na mchezo ulio huru kabisa. Wajenzi wa kawaida nao wana desturi yao. Kila WAD huambatana na hati fupi inayomtaja mtunzi, vyanzo vyake, na kama wengine wanaruhusiwa kuijengea juu.

Agosti 2024 id na Nightdive Studios walitoa upya Doom na Doom II. Toleo hilo la wenye mali linakubali ramani zilizotungwa kwa kanuni za Boom, kazi ya watu waliojitolea robo karne kabla yake, na ndani yake kuna dirisha la kupakia na kupakua kazi za wachezaji. Mara watunzi wakaanza kukuta WAD zao zimepakiwa humo na watu wasiowafahamu, bila ruhusa yao, na ile hati fupi haimo.